Kwenda Ukraine Kukarabati Nyumba za Wasiojiweza: Mwongozo kwa Mafundi wa Lamu na Malindi

Maswali ni yale yale kila mara. Nauli hulipwa na nani? Visa huombwa wapi? Lugha itakuwaje? Na fundi aliyezoea mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, ataziweza kweli nyumba za kule? Mwongozo huu unamjibu seremala, mwashi au mwezekaji anayetaka kujitolea kwa kazi ya kiraia, yaani kurudisha paa, dirisha na ukuta kwa watu ambao vita vimewaacha wazi.

Mkono wako unatosha. Anayeunganisha mbao za jahazi Matondoni, kijiji cha Lamu, hawezi kushindwa na kombamoyo la msonobari. Kinachowashinda mafundi wa pwani ni vitu vitatu ambavyo kwetu havipo au havionekani: baridi, asbesto iliyovunjika, na vilipuzi vilivyobaki ardhini. Hivyo ndivyo tutakavyovisemea zaidi.

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote tarehe 24 Februari 2022, makombora na mizinga imeharibu nyumba katika mikoa kama Kharkiv, Chernihiv, Mykolaiv na Kherson. Vijijini waliobaki mara nyingi ni wazee, na wengi wao ni akina bibi wanaoishi peke yao. Theluji huanza kuanguka kati ya Novemba na Desemba. Kazi ya paa ni ya Aprili hadi Oktoba, na kila nyumba isiyofungwa kabla ya hapo humtia mwenyewe katika hatari ya kufa kwa baridi.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Karatasi:
- Pasipoti iliyobakisha muda wa kutosha, na hati ya tabia njema ya polisi. Zote mbili huombwa kupitia eCitizen.
- Cheti cha ufundi. Cha NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kinafaa sana. Kitafsiriwe kwa Kiingereza kama kuna sehemu ya Kiswahili.
- Barua ya mwaliko kutoka kwa shirika litakalokupokea, yenye anwani, tarehe na aina ya kazi.
- Bima inayotaja wazi kwamba inalipia majeraha ya vita. Bima nyingi za safari huondoa vita katika maandishi madogo ya mwisho. Soma mpaka uone.

Mwili:
- Chanjo ya pepopunda. Misumari yenye kutu utakutana nayo kila siku.
- Mafunzo ya huduma ya kwanza, hasa kuzuia damu nyingi kwa mkanda wa kubana. Msalaba Mwekundu wa Kenya hufundisha.

Nguo: tafuta sufu kwenye mitumba, si pamba. Pamba ikilowa jasho haikauki, nawe utaganda ndani ya nguo zako mwenyewe. Vaa tabaka tatu: ya kubana mwili, ya sufu, na ya juu isiyopitisha upepo. Buti ziwe kubwa kwa saizi moja ili soksi mbili ziingie bila kubana; mguu uliobanwa hupoa upesi.

Zana: beba zile ndogo ulizozizoea tu, kama nyundo, patasi, timazi, penseli na futi yenye milimita. Nyingine shirika litakuwa nazo. Plagi za kule zina pini mbili za duara, kwa hiyo chaja yako ya pini tatu itahitaji adapta. Umeme wenyewe ni kama wetu.

Hatua kwa hatua

1. Pata shirika kwanza, tiketi baadaye. Usiende peke yako ukitumaini kupata kazi ukifika. Mtu asiye na mwenyeji eneo la vita ni mzigo kwa watu ambao tayari wamelemewa. Liulize shirika maswali haya, na utake majibu ya maandishi: Limesajiliwa Ukraine? Nani hulipa malazi, chakula na usafiri wa ndani? Kuna mkalimani? Nani huamua kwamba eneo limesafishwa vilipuzi? Nikiumia, gari litanipeleka hospitali gani? Mashirika mengi hulipia malazi na chakula lakini si tiketi ya ndege, na mshahara hakuna. Kama nyumbani wanakutegemea kwa unga wa kila siku, hesabu miezi hiyo kabla hujasema ndiyo.

ONYO: Kuna Wakenya walioahidiwa kazi za kawaida nchini Urusi wakajikuta wamevishwa sare na kupelekwa vitani. Mtu anayekupa tiketi ya bure, mshahara mnono na mkataba wa lugha usiyoisoma, hatafuti fundi. Usisaini chochote ambacho hujasomewa na mtu wako mwenyewe, na usimwachie mtu pasipoti yako.

2. Omba visa mbili. Anga ya Ukraine imefungwa kwa ndege za abiria tangu siku ile vita vilipoanza, kwa hiyo njia ya kawaida ni kuruka hadi Poland, kupanda treni mpaka Przemyśl, mji ulio karibu na mpaka, kisha kuvuka mpaka kuelekea Lviv. Utahitaji visa ya Ukraine na visa ya Schengen, ambayo ndiyo ya kuingilia Poland. Balozi za nchi zote mbili ziko Nairobi. Kosa kubwa hapa ni kuchukua visa ya Schengen ya kuingia mara moja. Ukitoka Poland kuingia Ukraine umeshaitumia, na kurudi huwezi. Omba ya kuingia zaidi ya mara moja na uambatishe barua ya mwaliko kueleza sababu. Kabla ya kuondoka, ijulishe Wizara ya Mambo ya Nje, na umwachie mtu wa nyumbani nakala ya kila karatasi.

3. Jifunze kanuni za usalama siku ya kwanza, kabla hujashika nyundo.

King'ora kikilia, shuka kwenye paa na uende kwenye hifadhi. Usimalizie msumari wa mwisho. Kama hifadhi iko mbali, kaa mahali penye kuta mbili kati yako na nje: ukuta wa kwanza huchukua pigo, wa pili huzuia vipande. Korido isiyo na dirisha hufaa.

Usiku kuna amri ya kutotoka nje. Saa hutofautiana mkoa kwa mkoa, kwa hiyo uliza kila unapohamia.

Tembea juu ya lami na njia zinazotumika tu. Usikate njia shambani, usiingie kichakani hata kwa haja ndogo. Kuna bomu dogo la plastiki liitwalo PFM-1, lenye umbo kama jani au kipepeo, refu kama kiganja. Hulala kwenye nyasi na majani, na huweza kukwama hata juu ya paa au ndani ya mfereji wa maji ya mvua. Ukiona kitu usichokijua, simama, usikiguse, wape wenzako sauti, rudi kwa kukanyaga nyayo zako mwenyewe, kisha mkalimani apige 101. Kibao chekundu chenye fuvu na neno МІНИ maana yake ni mabomu ya ardhini.

Maneno machache yashike kwa masikio kabla ya kufika: *stiy* ni simama, *oberezhno* ni angalia, *dakh* ni paa, *vikno* ni dirisha, *dyakuyu* ni asante.

4. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Serikali ya Ukraine ilianzisha mwaka 2023 mpango wa fidia kwa nyumba zilizoharibiwa, uitwao yeVidnovlennia. Tume huja kukagua uharibifu na kuandika ripoti. Ukimtengenezea bibi paa zuri kabla tume haijafika, unaweza kuwa umemfutia ushahidi wa fidia yake. Mkalimani amuulize mwenye nyumba: ameomba? Tume imeshafika? Kama bado, funika kwa muda tu (hatua ya 5) na uache uharibifu uonekane. Picha ziwe za kila upande wa nje, kila chumba, na kila ufa ukiwa na futi pembeni. Kisha mwenye nyumba asaini idhini ya kazi, akijua nini kitafanywa na nini hakitafanywa.

Vua viatu mlangoni, kama kwetu. Chai na chakula utakaribishwa. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida sana kule, kwa hiyo kama wewe ni Mwislamu mwambie mkalimani aeleze mapema na kwa heshima, mwenyeji asije akapika kwa akiba yake ya mwisho ukashindwa kula.

5. Funika kwanza. Turubai za misaada huja za mita 4 kwa 5 au 4 kwa 6. Usizipigilie misumari moja kwa moja. Upepo utazichana usiku uleule. Zungushia ukingo wa turubai kwenye ubao wa milimita 25 kwa 50, mzunguko mmoja na nusu, kisha funga ubao huo kwa skrubu kwenye kila kombamoyo. Upande wa juu uvuke mwamba wa paa kwa mita moja angalau, na wa chini utokeze sentimita 20 nje ya ukuta ili maji yasirudi ukutani.

Madirisha yaliyopasuka yafunike kwa mbao za OSB, yaani za vipande vya mti vilivyogandishwa kwa gundi, ambazo kule huuzwa kwa shiti ya milimita 1250 kwa 2500. Unene wa milimita 9 au 10 unatosha. Skrubu kila sentimita 30. Lakini dirisha moja la chumba anachokaa mwenyewe mchana lifunike kwa nailoni nzito inayopitisha mwanga, tabaka mbili zenye nafasi katikati. Mzee anayekaa gizani miezi minne huugua kwa njia nyingine.

6. Paa. Hapa ndipo kazi ilipo.

Nyumba nyingi za vijijini zimeezekwa kwa shiti ngumu za saruji zenye mawimbi. Zile za zamani zina asbesto, kama mapaa ya majumba ya zamani ya serikali huku kwetu. Ikiwa nzima haina shida kubwa. Ikivunjika hutoa nyuzi zisizoonekana ambazo huingia mapafuni na kuleta maradhi baada ya miaka 20, 30 au 40. Kwa hiyo:

- Vaa maski ya FFP3, inayochuja vumbi laini kabisa, na ovaroli ya kutupwa. Maski haifungi juu ya ndevu. Mwenye ndevu asipewe kazi hii, apewe nyingine.
- Lowesha shiti kwa maji yenye sabuni kidogo kabla ya kuigusa, na uendelee kulowesha.
- Zitoe nzima. Ng'oa msumari, usivunje shiti. Grainda na msumeno wa umeme ni marufuku.
- Vipande vitiwe kwenye mifuko miwili ya nailoni nzito, ifungwe na kuandikwa. Usifagie pakavu.
- Usikanyage shiti. Laza ubao juu ya makombamoyo na ukanyage hapo, mkanda wa usalama ukiwa umefungwa.

Makombamoyo yakaguliwe moja moja. Piga kwa nyundo na usikilize. Yaliyochomwa na vipande vya chuma hutoa sauti pofu. Kwetu paa hupigana na kusi na mvua. Kule hubeba mzigo. Theluji iliyolowa ya kina cha sentimita 30 hufikia kilo 90 hivi kwa mita moja ya mraba, nayo hukaa wiki nyingi. Kombamoyo lililopasuka usiliunge kwa misumari miwili; pachika ubao mpya wa milimita 50 kwa 150 ubavuni, upite ufa kwa mita moja kila upande, na ufunge kwa bolti.

Shiti mpya za kuezekea za mawimbi manane zina upana wa milimita 1130 na urefu wa 1750. Zikipandana kwa wimbi moja upande na sentimita 15 kwa urefu, kila moja hufunika kama mita 1.57 za mraba. Paa la mita 60 za mraba litataka shiti 39. Agiza 42 au 43 kwa sababu kadhaa zitapasuka. Moja ina uzito wa karibu kilo 25, kwa hiyo paa lote linakaribia tani moja. Usizirundike upande mmoja wa paa wakati wa kuezeka. Kila shiti ilale juu ya fito tatu angalau.

Namna ya kufunga inawachanganya mafundi wetu. Shiti ya saruji hupigwa msumari juu ya wimbi, kama mabati ya kwetu. Lakini tundu litobolewe kwanza kwa drili, pana kuliko msumari kwa milimita 2 au 3, na msumari uishie pale mpira unapogusa tu. Ukikaza, shiti hupasuka baridi ya kwanza ikija. Bati la kule lenye mikunjo ya pembe hufungwa kwa skrubu yenye mpira bondeni, pale bati linapogusa ufito, skrubu 6 hadi 8 kwa mita ya mraba. Ukiipiga juu ya wimbi bati hubonyea na mpira hauzibi.

Juu ya dari hulazwa sufu ya madini, yaani nyuzi laini za kuzuia joto lisitoke, unene wa sentimita 15 hadi 20. Nailoni ya kuzuia mvuke hukaa chini ya sufu, upande wa chumba. Mazoea ya pwani ni kuiweka juu ili izuie mvua. Kule, mvuke wa chumba chenye joto hupanda, hukutana na nailoni ya baridi, hugeuka maji, na msimu wa pili mbao zimeoza. Acha upenu upitishe hewa.

7. Bomba la moshi. Usiondoke kabla ya kulikagua. Wazee wengi huota moto wa jiko la matofali, na mlipuko hupasua bomba ndani hata kama nje linaonekana zima. Sasa umeshafunga madirisha na dari. Moshi ukikosa njia, gesi ya kaboni monoksidi itamuua mtu usingizini, kama jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Shikilia karatasi inayowaka kwenye mlango wa jiko: miali ivutwe kuelekea ndani. Isipovutwa, jiko lisiwashwe mpaka fundi wa mabomba ya moshi aje. Acha kengele ya gesi hiyo chumbani na uijaribu mbele ya mwenyewe.

8. Madirisha mapya. Pima upana wa tundu mahali patatu, juu, katikati na chini. Ukipata 1312, 1305 na 1309, tumia 1305. Toa milimita 30 kwa ajili ya povu la kujazia pande zote mbili: agiza 1275. Pima pia pembe kwa pembe. Kwetu husema "mbili kwa nne" na futi. Kule kila kitu ni milimita, na agizo la inchi limewahi kuwaletea watu madirisha yasiyoingia popote.

Fremu ifungwe sentimita 15 kutoka kila kona na kila sentimita 70 katikati. Weka vigingi, pima maji, kaza, kisha jaza povu. Dirisha libaki limefungwa kwa saa 24, la sivyo povu hupinda fremu. Chini ya nyuzi 5 tumia povu la baridi. La kiangazi halivimbi.

9. Ukuta. Ufa mwembamba wa lipu zibe. Ufa unaopita kwenye matofali kwa umbo la msalaba, ukuta uliotoka kwenye timazi, au kona iliyoachana, ni kazi ya mhandisi. Toka nje na umwite.

Saruji changanya ndoo 1 kwa 4 za mchanga. Lakini joto likishuka chini ya nyuzi 5, saruji hulala, na maji yaliyomo yakiganda huivunja kutoka ndani. Tazama utabiri wa usiku, si hali ya mchana. Kukiwa na shaka, tumia maji ya vuguvugu, funika kwa turubai na sufu, au acha. Chokaa yetu nayo haifai nje wakati huo, haikauki.

Mambo yakiharibika

*Maji yanadondoka ndani na mvua haijanyesha.* Ni mvuke. Angalia kama nailoni iko juu ya sufu, au kama upenu umezibwa.

*Shiti imepasuka kwenye tundu la msumari.* Umekaza mno au hukutoboa kwanza. Badilisha shiti, kuziba kwa silikoni hakupiti msimu wa baridi.

*Drili ya betri inakufa baada ya dakika chache.* Baridi hunyonya betri. Weka ya akiba ndani ya koti, karibu na mwili. Silikoni na povu pia vilale ndani ya nyumba.

*Udongo wa saruji unapukutika kama mchanga asubuhi.* Uliganda. Kwangua wote na uanze upya siku ya joto. Usipige lipu juu yake.

*Vidole vimekuwa vyeupe na havihisi.* Ingia ndani, vipashe kwa kwapa au maji ya vuguvugu. Usivisugue, usivikaribishe motoni. Visiporudi rangi, nenda hospitali.

*Jirani anakuja kukuomba paa lake nawe uko katikati ya kazi.* Mwandikie jina na umpe mratibu. Usianze nyumba ya pili kabla ya ya kwanza kufungwa. Paa tatu nusu nusu ni nyumba tatu zinazovujiwa.

*Mwenye nyumba hataki ubao mmoja wa zamani utolewe.* Muulize sababu kupitia mkalimani. Huenda alichongewa na marehemu mumewe. Kama haubebi mzigo, uache mahali pake na ujenge ukiuzunguka.

*Kila king'ora sasa kinakutetemesha hata usiku usio na kitu, au hulali.* Mwambie mratibu siku hiyo hiyo na ushuke kwenye paa. Fundi asiyelala haaminiki juu ya ngazi, na shirika la kweli litakubadilishia kazi au kukurudisha nyumbani bila kukulaumu.